Fosfeti ya Minjingu na ya DAP: zote ni mawe

Huku Njombe, Mufindi na Mbozi, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, si ajabu kusikia kwamba unga wa Minjingu, mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara na kusagwa, ni "vumbi la mawe" na DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ndiyo mbolea halisi. Si kweli. Fosfeti (fosforasi inayolisha mmea) ya DAP na ya TSP, mbolea nyingine ya kiwandani, nayo hutoka kwenye mwamba. Tofauti huanzia kiwandani.

Mwamba huo una apatiti: kalsiamu, fosfeti na florini zilizoshikana kiasi kwamba maji hayaziyeyushi. Kiwandani husagwa na kutiwa asidi ya salfa. Kalsiamu hujitenga kama jasi, ikabaki asidi ya fosfori. Asidi hiyo ikikutana na amonia unapata DAP; ikikutana na mwamba mwingine uliosagwa, TSP. Mfuko wa kilo 50 wa yoyote kati ya hizo una takriban kilo 23 za P2O5, kipimo cha fosfeti kinachoandikwa kwenye mifuko ya mbolea. (Usijaribu nyumbani kwa tindikali ya betri: floridi ya haidrojeni inayofuka huunguza mapafu.)

Unga wa mwamba huyeyushwa na asidi ya udongo wenyewe, kwa hiyo unafaa pale pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) iko chini ya 5.5 hivi. Mashamba mengi ya huku yana sifa hiyo. Wengi huharibu kwa kuumwaga pamoja na chokaa: chokaa huimaliza asidi hiyo na kuongeza kalsiamu, unga ukakaa vilevile. Wengine huuweka kwenye shimo la mbegu kama DAP. Utandaze shamba zima, uuchanganye na udongo mapema kabla ya kupanda, ili asidi ya udongo iufikie na kupata muda wa kuuyeyusha. Mahindi machanga yakionyesha majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, umechelewa. Msimu huo TSP kidogo shimoni ingefaa zaidi.