Mwalimu, hiyo sumu ya mhogo umeiona kwa macho?

Jumamosi iliyopita nilikaa kijiweni pale Feri, hapa Mtwara, kahawa na kashata, tunaangalia boti za Msangamkuu zinavyokwenda na kurudi, mara mjadala ukalipuka. Kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa bando, usiku kucha anaangalia klipu za midahalo, akasema kwa sauti kabisa kwamba watu wanaamini dini kwa sababu hawajasoma, mtu akishaijua sayansi dini inamtoka yenyewe. Mzee mmoja nahodha akapuliza kikombe chake akamjibu, hao waliosoma anawajua vizuri, wengine wanamfuata usiku awaelekeze kwa mganga kabla ya kwenda kwenye usaili. Watu wakacheka, kijana akanuna, halafu wote wakanigeukia mimi, wewe si ndio mwalimu wa saikolojia, haya sema.

Kweli nafundisha saikolojia, na sehemu niliyoisomea zaidi ni hiyo hiyo, kwanini mtu anashika imani na kwanini haiachii. Niseme mapema tu, Mungu yupo au hayupo sio swali la saikolojia, na akija mtu kukwambia saikolojia imeshalimaliza, awe wa upande wowote, ujue anakupiga kamba. Ninachokijua mimi ni kidogo zaidi ya hapo: imani nyingi tulizonazo, za dini na hata zisizo za dini, tumezipokea kutoka kwa watu tuliowaamini, hoja zimekuja baadaye kama walinzi wa geti. Sasa ukipigana na mlinzi ukamshinda, mwenye nyumba bado yuko ndani amelala.

Chukua mhogo. Huku kila mtu anajua kuna mhogo mtamu unaotafuna mbichi shambani, na kuna ule mchungu ambao lazima uhangaike nao, uumenye, uupasue, uuanike mpaka uwe makopa makavu kabisa, au uuloweke kwanza siku kadhaa kama maji yapo (kule juu Newala maji yenyewe ya kunywa ni kazi, nani ataloweka), ndipo utwange upate unga wa bada. Mhogo ule una kitu kinachotoa sayanidi, sumu kweli kweli. Bibi yangu hakuwahi kulisikia hilo neno mpaka anakufa. Ukimuuliza bibi mbona tunaanika siku zote hizi na njaa inauma, jibu lake lilikuwa moja, ndivyo tulivyowakuta wakubwa, na wewe ondoka hapo unazibia jua.

Haya, jifanye mjanja. Punguza siku za kuanika, pika, kula. Hukuumwa. Kesho hivyo hivyo, kesho kutwa hivyo hivyo, akili inaanza kukwambia bibi alikuwa anakupotezea muda tu. Kumbe kuna madhara hayaji siku hiyo, yanakuja baada ya wiki nyingi za kula hivyo, hasa kama mboga yenye protini hakuna, mtu anaamka asubuhi miguu imekakamaa na haitarudi kama zamani. Ndio konzo hiyo, na kwetu Mtwara ilishawahi kuripotiwa miaka ya mwanzo ya 2000, sio stori ya Kongo peke yake. Yaani kwenye mhogo, aliyemfuata bibi bila kuelewa alikuwa salama kuliko aliyejaribu na kujiridhisha mwenyewe! Binadamu tumeishi na mambo ya aina hii maelfu ya miaka, kwa hiyo mtoto kumsikiliza mkubwa kwanza na kuuliza baadaye sio ujinga, ndio kilichotuvusha.

Hapo mzee akanikatisha. "Mwalimu, hiyo sayanidi umeiona kwa macho?"

Sijaiona. Nimesoma kwamba kuna karatasi ya njano yenye kemikali inaitwa pikreti, unaifungia kwenye kichupa pamoja na unga kidogo na maji, kesho yake ikigeuka kahawia ujue sumu ipo. Lakini kichupa chenyewe sijawahi kukishika. Nimemwamini aliyenifundisha, naye alimwamini mwingine. Kijana wa boda akataka kuruka na hilo, nikamwambia tulia, na wewe dunia kuzunguka jua umepima mwenyewe au umeambiwa? Tofauti ipo lakini, na ni kubwa. Ule mnyororo wa mhogo unaweza kuufuata mpaka kwenye karatasi, ukitaka. Mambo ya ahera huna kichupa cha kuyafungia.

Halafu kuna kosa lingine la hawa wa klipu, wanadhani dini ni jaribio la kueleza radi na mafuriko lililofeli baada ya sayansi kuja. Mwanaanthropolojia mmoja Mwingereza, Evans-Pritchard, alikaa na watu wa kabila la Wazande kule kusini mwa Sudani miaka ya 1920, akakuta ghala likianguka na kuumiza watu waliokaa chini yake kupumzika, wenyewe wanajua kabisa nguzo zimeliwa na mchwa. Mchwa hawakatai. Wanachouliza ni kwanini lidondoke saa ile, juu ya wale. Sasa mwambie mama aliyefiwa na mtoto Feri kwamba mashua ilizidiwa na wimbi. Anajua. Swali lake sio hilo, na fizikia haijawahi kuahidi kulijibu.

Ila msinielewe kwamba nawatetea watu wa imani kwa kila kitu. Tuna historia yetu hapa hapa kusini. Mwaka 1904, kabla ya vita ya Majimaji, mganga Kinjikitile kule Ngarambe alianza kugawa maji, ukinywa au kupakwa risasi za Mjerumani zinageuka maji. Leo tunacheka, lakini jiweke Agosti 1905, umesikia boma la Liwale limeanguka, limechomwa, Mjerumani aliyekuwa mle kauawa. Kwa habari uliyonayo siku hiyo maji yamefanya kazi! Baadaye watu wakaanza kufa kwa risasi, na jibu likawepo tayari, marehemu alivunja mwiko, alilala na mwanamke, aliiba mali. Imani ikaendelea kuishi huku watu wanazikwa.

Kijana akafurahi, unaona sasa mwalimu, visingizio.

Ni kweli, lakini sikiliza na hii. Wataalamu wa nyota waliona sayari ya Uranus haipiti pale hesabu za Newton zinaposema ipite. Walimtupa Newton? Wapi. Wakasema lazima kuna sayari nyingine hatuioni inaivuta. Kisingizio hicho, tena kikubwa kuliko cha mwiko. Mfaransa Le Verrier akapiga hesabu akasema tazameni pale, mwaka 1846 kule Berlin wakatazama, Neptune ikawepo. Basi Mercury nayo ilipoonekana inakwenda ndivyo sivyo, mwaka 1859 Le Verrier yule yule akaja na jibu lile lile, kuna sayari nyingine ndani huko karibu na jua, wakaipa na jina kabisa, Vulcan. Watu wakaitafuta miaka na miaka, na kuna walioapa wameiona. Haikuwepo. Mpaka 1915 Einstein alipokuja na hesabu mpya, Mercury ikakaa sawa bila sayari ya ziada.

Kwa hiyo kisingizio kila mtu anacho, msomi na mpiga ramli. Mimi naangalia kitu kimoja, kisingizio chako kinaniambia nikatazame wapi? Cha Le Verrier kilisema elekeza darubini pale. Cha mwiko hakikukupa pa kutazama, maana aliyevunja mwiko unamjua kwa sababu amekufa na amekufa kwa sababu alivunja mwiko, unazunguka hapo hapo kama ng'ombe wa kinu. Dini ina mambo ya aina zote mbili na ndio maana mimi sipendi mdahalo wa "imani dhidi ya akili", unachanganya mchele na chuya. Nabii akikwambia leta laki moja korosho zako hazitapata ugonjwa wa ubwiriunga, hiyo inapimika, subiri msimu uhesabu magunia. Anayesema Mungu ni mwenye huruma kasema kitu kingine kabisa.

Nilipotaja korosho yule kijana akanyamaza. Kuna swali huwa nawauliza wanafunzi wangu, siwaulizi kwanini unaamini, nauliza nani ulimwona wa kwanza akiamini, na majibu ni bibi, mama, ustadhi wa madrasa, karibu hakuna anayenitajia hoja. Nikamgeuzia yeye, na wewe kutokuamini ulianza na nani? Akakaa kidogo. Akasema kuna mtumishi mmoja alichukua hela ya korosho ya mama yake, msimu mzima, kwa ajili ya maombi, yeye akashindwa kuendelea na shule. Klipu alianza kuzitafuta baada ya hapo.

Mzee akamwongezea kahawa. Nikamuuliza na mama je, aliacha? Akasema aache wapi, kila Jumapili yupo, na anayempeleka ni mimi na hii pikipiki.