Bakodi Moja, Bidhaa Mbili: Soko la Mtandaoni Likikataa Bidhaa Yako

Ujumbe wa kukataliwa huja kwa maneno mbalimbali, lakini maana ni ile ile: nambari hii ya bakodi, yaani ile iliyo chini ya mistari kwenye lebo, tayari ina bidhaa nyingine. Kwa Amazon ni hitilafu 8541, yaani maelezo uliyotuma yanapingana na yaliyo kwenye katalogi yao chini ya bakodi hiyo hiyo. Wauzaji wengi hapa Kisumu, na Nakuru vilevile, wakiona hivyo hukimbilia kutafuta nambari nyingine ili bidhaa ipite tu. Nawasihi msifanye hivyo. Bidhaa itakayomfikia mteja bado ina nambari ya zamani, na mgongano utarudi siku itakapopigwa skana ghalani.

Anza na bidhaa yenyewe, iwe mezani mbele yako. Tuseme ni chupa ya siagi ya njugu yenye bakodi 6161234567890 (nambari ya mfano tu). Soma tarakimu zote 13 chini ya mistari, moja baada ya nyingine, uzilinganishe na faili uliyopakia. Mara nyingi kosa huwa kwenye faili. Seli ya kawaida ya Excel huonyesha nambari ndefu hivyo kama 6.16123E+12. Ukihifadhi faili kwa mfumo wa CSV, kinachoandikwa ni hicho kinachoonekana, na soko likikisoma hupata 6161230000000. Sasa, kama una bidhaa kumi za kampuni moja, tarakimu zake za mwanzo zinafanana, kwa hiyo zote kumi hugeuka nambari moja. Hapo unagombana na bidhaa zako mwenyewe. Ifanye safu ya bakodi kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote, na usifungue CSV kwa kuibofya mara mbili; iingize kupitia menyu ya Data. Bakodi za Marekani zenye tarakimu 12 nazo huibiwa sifuri ya mwanzo kwa njia hiyo hiyo.

Kisha kagua tarakimu ya mwisho. Hii haichaguliwi, hukokotolewa. Kwenye mfano wetu, jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+6+2+4+6+8 ni 32. Jumlisha za 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 1+1+3+5+7+9 ni 26, mara tatu ni 78. Ukijumlisha 32 na 78 unapata 110. Kinachohitajika kufikia nambari inayogawanyika kwa kumi ni 0, kwa kuwa 110 tayari inagawanyika, na hiyo ndiyo tarakimu ya mwisho. Isipolingana, kuna aliyekosea kuandika.

Ila hesabu hii ina tundu, na tundu lenyewe limekaa mlangoni petu. Haishiki makosa ya kubadilishana nafasi kwa tarakimu jirani zinazopishana kwa 5. Bakodi zinazotolewa na GS1 Kenya, tawi la shirika la kimataifa linalogawa nambari hizi, huanza na 616, na 6 na 1 zinapishana kwa 5. Ukiandika 661 au 166 badala ya 616, hesabu itakubali, nawe utakuwa umeandika nambari isiyo yako. Ndiyo maana nasisitiza kuskani badala ya kuandika kwa mkono.

Faili ikiwa safi, swali linalofuata ni: nambari hii ni ya nani? Itafute kwenye huduma ya Verified by GS1, ambayo huonyesha kampuni iliyopewa. Ikitokea jina usilolijua, huenda aliyekuuzia bakodi kwa bei ya kutupa alikuuzia za kampuni nyingine. Soko linalolinganisha jina la chapa na rekodi za GS1 litakukataa kila mara, na hakuna barua itakayosaidia. Chukua nambari zako mwenyewe. Nambari inayoanza na 2 kwa kawaida ni ya matumizi ya ndani ya duka, kama lebo ya mizani ya supamaketi, haifai mtandaoni.

Kama nambari ni yako kweli, tazama ukurasa uliopo. Ukionyesha bidhaa ile ile, jiunge nao kama muuzaji, usifungue mwingine. Ukionyesha kitu tofauti, tuma malalamiko yenye picha mbili za bidhaa halisi, moja ya upande wa mbele na moja ya bakodi ikisomeka, pamoja na cheti chako cha GS1. Picha ya kompyuta ya lebo haitoshi.

Kosa la nyumbani ninalokutana nalo zaidi ni bakodi moja kwa chupa ya gramu 250 na ya gramu 500. Kila ujazo una nambari yake. Ukipunguza 500 kuwa 450 na kuiandika kwenye lebo, hiyo pia ni nambari mpya. Chupa tatu zilizofungwa pamoja kama bidhaa moja, nambari nyingine. Katoni ina ya tarakimu 14, wala si kubandika 1 mbele ya ile ya chupa: mfano wetu ungekuwa 16161234567897, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya. Vyondo na vinyago vya mawe ya Tabaka, kule Kisii, visivyo na bakodi visibuniwe nambari. Amazon hupokea maombi ya kusamehewa bakodi.

Saizi mbili zikiwa tayari zimetoka na nambari moja, iachie ile iliyouzwa zaidi, uipe nyingine mpya. Usiirudishe ya zamani kwa bidhaa nyingine hata ikiacha kuuzwa. Kwa shehena iliyo stoo, bandika stika juu ya bakodi ya zamani hadi ifunikwe kabisa, mistari na tarakimu, kwani skana husoma yoyote itakayoiona kwanza. Acha weupe pande zote mbili za mistari, angalau milimita 4 kushoto na 2.5 kulia kwa bakodi ya ukubwa wa kawaida. Halafu piga skana chupa moja ya kila katoni kabla haijapakiwa.