Feni ya AC imebaki na namba 4 pekee: rezista ya bloa ni nini na inapimwaje

Kama ukiweka swichi ya feni ya gari yako 1 ni kimya, 2 kimya, 3 kimya, halafu ukifika 4 upepo unatoka na nguvu zake zote, basi karibu kila mara shida ni kitu kimoja kidogo kinaitwa rezista ya bloa. Bloa ndio ile feni iko ndani ya dashibodi, inasukuma hewa mpaka itoke kwa zile tundu mbele yako. Rezista nayo ni kipande kidogo tu, kinatosha kwa kiganja, kina koili za waya zimejikunja ama kisahani cha kauri, na kazi yake ni kupunguza umeme unaofika kwa bloa ndio upate zile spidi za chini. Ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na karibu kila kitu kingine cha AC, na ndio maana inaniuma sana nikiskia mtu ametoka gereji amelipia gesi, kompresa imefunguliwa, na feni bado iko namba 4 peke yake.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huchanganya. AC ina upande wa baridi na upande wa upepo. Baridi ni kazi ya gesi, kompresa, na ile radieta ya AC imekaa mbele ya radieta ya maji, na huko mbele kuna feni nyingine kabisa ambayo sio hii tunaongelea. Upepo ni kazi ya bloa. Kwa hivyo upepo ukitoka vizuri kwa spidi zote lakini ni wa joto, sawa, hapo ongea mambo ya gesi. Lakini upepo usipotoka kabisa, ama ukitoka kwa spidi moja tu, gesi haihusiki, na mtu akikuambia tuongeze gesi kwanza tuone, huyo anataka pesa yako ama hajui anachofanya, na yote mawili ni sababu ya kuchukua funguo zako uende.

Na bloa sio ya AC pekee. Ni hiyo hiyo inasukuma hewa ya moto ya hita, na ni hiyo hiyo inatoa ukungu kwa kioo cha mbele. Asubuhi ya Julai huku Nairobi, uko Waiyaki Way, manyunyu yanashuka, mko watu wanne ndani na madirisha yamefungwa, kioo kinajaa ukungu mpaka gari ya mbele unaona taa zake tu. Hapo upepo ni usalama. Kwa hivyo ile ya "wachana nayo, si AC hutumii" mimi siikubali hata kidogo.

Sasa rezista inafanyaje kazi. Moto ya bloa, yaani mota inayozungusha feni, inazunguka haraka ama polepole kulingana na volti inapata. Namba 4 inapewa volti zote za betri, moja kwa moja, bila kupitia kwa rezista. Namba 1 umeme unapitishwa kwa koili zote za rezista zikifuatana na moto, namba 2 koili moja inarukwa, namba 3 inabaki koili moja ama kipande kifupi tu. Tuchukue mfano: betri ni volti 12, namba 1 rezista iko na omu 2 (omu ni kipimo cha vile kitu kinazuia umeme kupita) na umeme unaopita ni ampea 4. Rezista inakula volti 8, moto inabaki na volti 4, inazunguka polepole. Hizo volti 8 hazipotei hivi hivi, zinageuka joto, 8 mara 4 ni wati 32, yaani kama kile kichuma cha kulehemu wanachotumia mafundi wa redio pale Luthuli Avenue, na sasa hicho kimewashwa ndani ya dashibodi yako muda wote uko jamu ya Mombasa Road na feni iko 1.

Ndio maana rezista huwa imefungwa ndani ya njia ya hewa, sio nje. Upepo wa bloa yenyewe ndio unaipoza. Upepo ukipungua, joto linapanda, na hapo ndipo kuna kitu cha maana sana kwa hii hadithi: kwa rezista nyingi kuna fyuzi ndogo ya joto imelehemewa hapo hapo. Hii sio ile ya kuchomoa kwa boksi la fyuzi, hii ikishakatika imekatika, na imewekwa makusudi ndio joto lisiyeyushe plastiki ama kuunguza gari. Umeme wa namba 1, 2 na 3 wote unapita kwa hiyo fyuzi, wa namba 4 haupiti. Basi ikikatika zinaenda zote tatu kwa pamoja na 4 inabaki.

Ukielewa hiyo njia ya umeme unaweza kukisia hata zile shida zingine kabla hujashika bisibisi. Imekufa spidi moja tu, sema 2, na zingine ziko sawa? Waya wa hiyo spidi umekatika ama mguso wa swichi umeungua, na kama iliyokufa ni 1 pekee inaweza pia kuwa koili moja imekatika. 1 mpaka 3 zinafanya lakini 4 ndio haitaki? Hapo rezista haina makosa maana 4 haipiti kwake, angalia swichi, waya wake, na kwa gari zingine kuna rilei (swichi inayowashwa na umeme) ya spidi ya juu. Zote nne zimekufa, anza na fyuzi, rilei, kisha waya wa negativu, kisha moto yenyewe. Ukigonga chini ya dashibodi ama ukipita bampu feni inaamka, brashi za moto zimeisha, hiyo bloa iko njiani kwenda. Feni unaiskia inalia vizuri spidi zote lakini upepo ni kidogo, filta ya hewa ya ndani imeziba. Na kuna moja inafanana na shida ya feni lakini sio: upepo unaanza vizuri, unadhoofika baada ya mwendo mrefu na feni bado inalia vile vile, ukizima AC dakika kadhaa unarudi. Hapo ndani pameshika barafu, na gesi kupungua ni moja ya sababu zake, hapo fundi wa gesi ana haki ya kuongea.

Kupima sio kazi kubwa. Toyota nyingi tunaendesha huku, Probox, Fielder, Vitz, bloa iko nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, na rezista iko karibu nayo, mara nyingi imeshikwa na skrubu mbili. Zima gari, toa soketi, toa skrubu, vuta polepole. Iangalie kwanza kwa macho. Koili iliyokatika huwa inaonekana, ncha zake zimeachana na zimekuwa nyeusi. Kisha geuza soketi uangalie ndani: pini moja ikiwa imegeuka kahawia na plastiki kando yake imevimba ama imeshikana na rezista mpaka inakataa kutoka, ujue hapo palikuwa na mguso mbaya na joto limekaa kwa muda. Soketi kama hiyo ukiirudisha kwa rezista mpya, hiyo mpya itaungua pia. Inakatwa, inaungwa nyingine yenye waya mnene ule ule, na kiungo kinalehemewa ama kubanwa vizuri, sio kusokotwa na kufungwa selotepu.

Macho yakikosa kitu, chukua mita ya kupima umeme uiweke kwa omu. Gusanisha kwanza ncha zake mbili uone inasoma ngapi yenyewe, maana omu za rezista ni ndogo mno na waya za mita peke yake zinaweza kusoma nusu omu, hiyo unaitoa kwa hesabu. Halafu pima pini kwa pini. Namba ndogo ndogo za omu moja, mbili, au chini ya moja ni sawa. Mita ikiandika OL mahali panatakiwa kuwa na njia, hapo pamekatika. Kisha kuna kipimo cha volti ambacho mimi naona ndicho kinaleta jibu la uhakika: rudisha kila kitu, weka ufunguo on, na upime kwa waya mbili za moto ya bloa ukibadilisha spidi. Volti inatakiwa ipande ngazi kwa ngazi, na kwa 4 iwe karibu na ya betri. Pima kati ya hizo waya mbili, usipime kutoka waya moja mpaka bodi ya gari, kwa sababu gari nyingi za Kijapani swichi na rezista ziko upande wa negativu, kwa hivyo waya wa positivu utasoma volti 12 hata feni ikiwa imelala na utadhani moto ndio imekufa. Moto nyingi nzima zimetupwa hivyo.

Swali ambalo huwa haliulizwi gereji ni kwa nini rezista iliungua. Wakati mwingine ni umri tu, gari zinaingia hapa Kenya zikiwa zimetumika mpaka miaka 8, na rezista imekuwa ikipata joto miaka hiyo yote. Lakini mara nyingi kuna kitu kinaisukuma. Filta ya hewa ya ndani, ile inakaa nyuma ya kisanduku hicho hicho, watu hawaikumbuki, na kwa vumbi yetu inaziba mpaka inakuwa kama kipande cha blanketi, hewa haipiti, rezista haipozwi. Ukiegesha chini ya miti kama ile mijakaranda, majani na maua yanaingia kwa ile grili chini ya waipa, na gari isiyo na filta kabisa yanafika kwa bloa yenyewe na kuikwamisha. Halafu kuna beringi za moto zikikauka: feni inalia mlio wa kusaga, inazunguka kwa shida, na moto inayozunguka kwa shida inavuta ampea nyingi, zote zinapita kwa rezista. Kwa hivyo kabla ya kufunga mpya zungusha bloa kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini na iendelee kidogo ukiiachilia. Ikisimama papo hapo ama ikikwaruza, badilisha ama safisha hiyo kwanza.

Na tafadhali usikubali mtu akuunganishie direct. Iko hii tabia ya kuruka rezista kwa kipande cha waya ndio feni "ipone", ama kuruka ile fyuzi ya joto, ama fyuzi ya kwa boksi ikikatika wanaweka ya ampea kubwa zaidi. Ukiruka rezista yote umebaki na spidi ya juu tu, hiyo angalau ni usumbufu. Ukiruka fyuzi ya joto umetoa kitu pekee kilikuwa kinazuia koili nyekundu isikae karibu na plastiki na majani makavu.

Ukienda Kirinyaga Road, Grogan, kutafuta hiyo spea, beba ile ya zamani mkononi. Idadi ya pini na umbo la soketi hutofautiana hata kwa gari za jina moja, na ya kufanana kwa macho inaweza kuwa na omu tofauti, kwa hivyo linganisha namba iliyochapwa juu yake ama pima hapo dukani. Na kama AC yako ni ile ya kubonyeza yenye skrini ya digrii, hautapata koili hapo ndani. Hizo nyingi zinatumia moduli yenye transista na mabati ya kupoza, inapunguza umeme bila ngazi, na ikiharibika dalili zake ni tofauti: feni inakaa spidi ya juu tu hata ukishusha, inabadilisha yenyewe, ama inakataa kuzima hadi utoe fyuzi. Hiyo usiipime kwa omu kama koili, inapimwa kwa kuangalia kama kompyuta ya AC inaipelekea ishara inayobadilika ukibonyeza spidi. Ishara ikibadilika na feni isibadilike, moduli ndio imeenda.