Mwezi wa Pasaka ni wa jedwali

Mwaka 2019, ikwinoksi ya Machi, yaani wakati ambapo jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini, ilitukia karibu saa saba usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 21, kwa saa za Afrika Mashariki, na kabla hakujapambazuka mwezi nao ulikuwa umekwisha kuwa mpevu. Kila aliyefundishwa katekisimu anajua kwamba Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia ikwinoksi hiyo, kwa hiyo wengi walitazamia tarehe 24 Machi. Tuliiadhimisha tarehe 21 Aprili. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa kalenda ya liturujia, maswali yaliletwa kwangu, na wapo waliodhani kwamba mchapaji amekosea.

Mchapaji hakukosea. Kanisa limeifunga ikwinoksi katika tarehe 21 Machi, liwe limevuka jua siku hiyo au jana yake, na mwezi wake husomwa katika jedwali lililojengwa juu ya mzunguko wa miaka 19, ambao una miezi mwandamo 235 karibu kamili, kila mmoja ukihesabiwa tangu mwezi kuandama hadi kuandama tena. Katika jedwali hilo, mwezi mpevu wa Machi 2019 uliangukia tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, hivyo ukaachwa. Uliofuata ulikuwa wa Alhamisi tarehe 18 Aprili, na Jumapili iliyofuata ikawa Pasaka. Jirani zetu Waislamu wanaotoka nje jioni kuutafuta mwezi mwandamo huona ajabu kwamba sisi tunaweza kutaja leo tarehe ya Pasaka ya mwaka 2038, ambayo ni 25 Aprili, ya mwisho kabisa inayowezekana. Ya mapema kabisa ni 22 Machi.

Utaratibu huu una asili ya Kiafrika kuliko wengi wanavyofahamu. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka Jumapili moja, bila kutegemea hesabu ya Wayahudi, lakini ufundi wenyewe wa kuhesabu ulikuwa wa Aleksandria, nchini Misri, ambako elimu ya nyota ilikuwa imekomaa. Maaskofu wa mji huo walituma kila mwaka barua ya kutangaza mwanzo wa mfungo na siku ya Pasaka. Barua ya mmoja wao, Athanasi, ya mwaka 367 hukumbukwa siku hizi kwa orodha yake ya vitabu 27 vya Agano Jipya, ingawa nayo ilikuwa barua ya Pasaka.

Kalenda ya Juliasi iliyotumika wakati huo ilikuwa na mwaka mrefu kidogo kupita ule wa jua, na kufikia karne ya 16 ikwinoksi halisi ilikuwa imerudi nyuma siku 10. Papa Gregori XIII aliamuru kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba 1582 ifuate tarehe 15, na jedwali la mwezi likasahihishwa pamoja nayo. Waorthodoksi walio wengi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Ethiopia, hawakuipokea hesabu mpya ya Pasaka. Tarehe 21 Machi ya Juliasi sasa ni 3 Aprili yetu, na mwezi wa jedwali lao huchelewa siku kadhaa nyuma ya ule wa angani. Ndiyo maana mwaka 2024 sisi tulikuwa na Pasaka 31 Machi na wao 5 Mei, ilhali mwaka 2025 wote tulikutana tarehe 20 Aprili. Mkutano uliofanyika Aleppo, Syria, mwaka 1997 ulipendekeza kwamba wote wafuate mwezi na ikwinoksi halisi kama zinavyoonekana Yerusalemu. Pendekezo hilo halijatekelezwa, nami naliona kuwa la busara, ila sioni nani atakubali kuwa wa kwanza kuliacha jedwali lake.

Pasaka ikisogea, huvuta mengine. Jumatano ya Majivu hutangulia kwa siku 46, kwa maana Jumapili sita za katikati hazihesabiwi katika mfungo wa siku 40, yaani Kwaresima, na Pentekoste ni siku ya 50 ukianza na Pasaka yenyewe. Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, hayahusiki na mwezi hata kidogo. Huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, basi.

Kinachomsumbua mwandaaji ni sikukuu zenye tarehe maalumu zinapogongana na Juma Kuu. Mwaka 2027 Pasaka itakuwa 28 Machi, hivyo Kwaresima itaanza 10 Februari, na Kupashwa Habari kwa Bwana, sikukuu ya malaika kumpasha Maria habari ya kuzaliwa kwa Yesu, ambayo ni 25 Machi, itaangukia Alhamisi Kuu. Kwa Wakatoliki, sherehe hiyo itahamishiwa Jumatatu tarehe 5 Aprili, baada ya Oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, na parokia zinazopanga harusi na mikutano mapema zingefanya vyema kuliangalia hilo tangu sasa.