Bima ya magari ya porini: inakinga nini, na inaishia wapi

Mkataba wa bima ya gari una sehemu mbili zinazovutana. Ya kwanza inaahidi: tutalipa gari likigongwa, likiungua, likiibwa au likimdhuru mtu mwingine. Ya pili inaipunguza ahadi hiyo kwa kutaja mazingira ambayo kampuni haitalipa hata kama hasara ni ya kweli. Sehemu ya kwanza ndiyo kinga. Ya pili ndiyo mambo yasiyofidiwa. Mtu ambaye gari lake huenda kazini na kurudi anaweza kumaliza miaka mingi bila kuigusa sehemu ya pili. Mwenye gari la porini huigusa karibu kila anapowasha injini.

Kuna vyombo vya aina mbili hapa, na kuvichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi. Aina ya kwanza ni gari la 4x4 lenye namba za usajili, ambalo leo liko kwenye lami na kesho kwenye matope. Hili kwa kawaida lina bima ya gari, na swali ni kama bima hiyo inaendelea likiiacha barabara. Aina ya pili ni vyombo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya barabara: pikipiki za magurudumu manne, pikipiki za motokrosi (za mbio za njia za udongo), vigari vyepesi vyenye fremu ya vyuma juu ya vichwa vya abiria. Hivi mara nyingi havina bima ya gari kabisa, na wenyewe hujifariji kwamba bima ya nyumba inavibeba. Mara nyingi haivibebi. Nchini Marekani, kwa mfano, mikataba mingi ya bima ya nyumba humkinga mwenye chombo cha namna hii dhidi ya madai ya watu wengine chombo kikiwa ndani ya eneo lake. Kikivuka kwenda msituni au kwenye ardhi ya mtu mwingine, kinga hiyo hukoma. Uharibifu wa chombo chenyewe ni suala jingine, na huko nako bima ya nyumba kwa kawaida haitoi kitu.

Hata mpaka kati ya barabara na pori si wazi kama unavyoonekana. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Slovenia, ya mtu aliyeangushwa kutoka kwenye ngazi na trela la trekta lililokuwa likirudi nyuma uani mwa shamba. Mahakama ilisema bima ya lazima, yaani ile ambayo sheria inamtaka mwenye chombo awe nayo kwa ajili ya watu anaoweza kuwadhuru, inahusu matumizi yoyote yanayolingana na kazi ya kawaida ya chombo, hata kwenye ardhi binafsi. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa, maana ulitishia kuingiza ndani ya bima ya lazima hata mashine za kukata nyasi na magari ya mashindano. Umoja wa Ulaya ulirekebisha kanuni zake mwaka 2021 ukasisitiza kwamba kinachoangaliwa ni matumizi ya chombo kama usafiri, bila kujali ardhi kilipo. Uingereza, ambayo ilikuwa imeshajitoa katika umoja huo, ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kurudi kwenye msimamo wake wa zamani: barabara na maeneo ya umma. Ajali ileile, uani kwa mtu, inaweza basi kuwa ndani ya bima ya lazima katika nchi moja na nje yake katika nchi jirani.

Tuje kwenye uharibifu wa gari lenyewe. Bima hulipia ajali, yaani jambo la ghafla ambalo hukulitarajia. Hailipii uchakavu, kutu, wala kifaa kilichokufa kwa kuchoka. Barabarani tofauti hii ni rahisi kuiona. Porini si rahisi hata kidogo, kwa sababu mwamba unaokwaruza uvungu wa gari kila wiki na mwamba unaopasua sampu, yaani chombo cha kuhifadhi oili chini ya injini, mara moja ni jamaa wa karibu. Mkaguzi wa hasara ataangalia kama kuna pigo moja linaloonekana, mpasuko mpya wenye alama ya kugongwa, au makovu ya miaka juu ya makovu. Klachi iliyoungua kwa kulazimisha gari kwenye mchanga itahesabiwa kuwa hitilafu ya mitambo, wala usipoteze muda kubishana. Matairi pia kwa kawaida hayalipwi yakipasuka peke yake. Hulipwa pale tu gari lenyewe lilipoharibika katika ajali hiyohiyo.

Maji ndiyo yenye ubishi kuliko yote. Injini huvuta hewa na kuigandamiza ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki. Yakiingia kwenye njia ya hewa wakati injini inazunguka, pistoni hukutana na kitu kisichopungua, na vyuma vinavyoishikilia hupinda au huvunjika papo hapo. Gari lililoegeshwa likafunikwa na mafuriko usiku huangukia kwenye kinga ya majanga ya asili, kama mkataba unayo. Gari lililoingizwa mtoni na dereva aliyeona maji yanakimbia ni habari nyingine: mikataba mingi humtaka mwenye bima achukue tahadhari ya kawaida kulinda mali yake, na mingine hutaja waziwazi kwamba maji yaliyoingia injini gari likiendeshwa majini hayafidiwi. Kuna na kosa la pili linaloongeza hasara. Injini ikizima majini, kuiwasha tena kunaweza kuharibu kilichokuwa bado kizima, na kampuni inaweza kukubali hasara ya kwanza ikakataa iliyofuata. Snokeli, yaani bomba la hewa linalopandishwa hadi usawa wa paa, nayo haibadilishi maneno ya mkataba. Inainua mahali hewa inapovutwa, basi.

Mashindano hayahitaji maelezo marefu: mbio, majaribio ya kasi na mazoezi yake hutengwa na karibu kila bima ya kawaida ya gari, na waandaaji makini huwa na bima yao kwa shughuli hiyo. Uliza matembezi ya kikundi yanahesabiwaje, maana kikundi kikianza kupima muda wa nani kafika wa kwanza, kampuni inaweza kuyaita mashindano.

Halafu kuna mambo ambayo hayahusu ardhi hata kidogo ila huliua dai vilevile. Dereva asiye na leseni inayotakiwa au aliyelewa. Abiria wa pili kwenye pikipiki ya magurudumu manne iliyotengenezwa kwa mtu mmoja. Chombo kilichokatiwa bima ya matumizi binafsi kikakodishwa kwa watalii. Na kubwa zaidi kwa wapenzi wa magari haya, mabadiliko yasiyotajwa: springi zilizoinua gari, matairi makubwa kuliko ya kiwandani, bampa ya chuma, winchi (mashine ya kamba ya kuvutia gari lililokwama). Kampuni hupanga ada kwa gari lililoelezwa, na gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwa sababu uzito wake umepanda juu. Ukikaa kimya, unaweza kukuta vifaa hivyo havilipwi, au mkataba mzima unatiliwa shaka. Ukivitaja, ada huenda ikapanda, lakini navyo vinaweza kuingizwa kwa thamani yake.

Dai likikataliwa, fahamu mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani. Katika mifumo mingi ya sheria, mwenye bima huonyesha kwanza kwamba hasara imo ndani ya kinga. Akishafanya hivyo, ni kazi ya kampuni kuonyesha kwamba kipo kipengele kinachoitoa nje. Kipengele hicho kikiwa na utata wa kweli, mahakama huelekea kukisoma dhidi ya aliyekiandika, yaani kampuni. Kwa hiyo barua inayosema tu "hasara hii haifidiwi" haitoshi. Omba namba ya kipengele na maneno yake.

Gharama za kuliokoa gari watu huzisahau hadi siku ya shida. Bima nyingi hulipia kuvutwa kwa gari lililoharibika katika ajali inayofidiwa, na kwa kiasi ambacho kampuni inakiona cha haki. Gari zima lililokwama tu kwenye tope halina uharibifu, hivyo kwa mkataba wa kawaida hakuna cha kudai, hata kama trekta limesafiri nusu siku kulifuata. Huduma ya msaada barabarani inayouzwa pamoja na bima nayo mara nyingi huishia pale gari la kuvuta linapoweza kufika kwa njia ya kawaida. Zipo kinga za nyongeza za uokoaji wa porini. Kabla ya kulipia, uliza kwa maandishi wanafika umbali gani kutoka barabarani, kikomo cha malipo ni kiasi gani, na kama winchi ya rafiki yako ikilivunja gari wakati wa kulivuta, hasara hiyo inaingia kwenye bima ya nani.