Haidrojeni haitulii: tunavyotabiri fuwele za haidraidi

Watu wakisikia tunatabiri fuwele kwa kompyuta wanadhani unabonyeza tu jibu linatoka. Shida kubwa ni kwamba fuwele haiwi imara kivyake, inabidi ishinde kila kitu kingine ambacho atomu zilezile zingeweza kuunda.

Chukua lanthanamu, ambayo ni metali, na haidrojeni; zikiungana tunapata haidraidi. Programu kama USPEX, CALYPSO au AIRSS inapanga atomu kiholela, inaziacha zisogee mpaka zitulie, inapiga hesabu ya entalpi (nishati ya mpangilio pamoja na mchango wa presha, ikiwa ndogo ndo imara zaidi) kwa presha uliyochagua, halafu inarudia tena na tena, mara nyingi maelfu. Ukipata mpangilio mzuri wa LaH10 (lanthanamu moja kwa haidrojeni kumi) usishangilie kwanza, jiulize ikivunjika ikawa LaH3 na haidrojeni tupu, entalpi inashuka? Ikishuka basi hiyo sio imara, hata iwe nzuri vipi kwenye skrini. Ndo maana tunachora grafu ya entalpi na kiasi cha haidrojeni, na zinazokaa kwenye mpaka wa chini kabisa ndo tunaziamini.

Mwaka 2017 hesabu za namna hii zilionyesha LaH10 inawezekana kwenye presha kubwa sana, kila lanthanamu imezungukwa na kizimba cha atomu 32 za haidrojeni. 2019 ikapimwa maabara: inapitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 250 hivi, yaani kama -23 °C, kwa presha ya gigapaskali 170 hivi. Mimi hii bado inanisisimua, manake hesabu ilitangulia.

Sasa utamu uko hapa. Eksirei inatawanywa na elektroni, na haidrojeni anayo moja tu, kwa hiyo maabara wanaiona lanthanamu vizuri ila haidrojeni karibu hawaioni, zimekaa wapi inabidi hesabu iseme. Na haidrojeni ni nyepesi mno, haitulii hata kwenye sufuri kamili ya kelvini, yaani baridi ya mwisho kabisa. Ukizihesabu atomu za haidrojeni kama zimesimama tu, kizimba cha LaH10 kinapinda chini ya gigapaskali 230 hivi, lakini utafiti wa 2020 ulipoingiza mtikisiko wa kikwantamu wa atomu hizo, ule usiokoma hata kwenye baridi hiyo, kizimba kikabaki sawa mpaka karibu 130, tofauti ya gigapaskali mia nzima!

Kwa hiyo mtu akikuletea haidraidi mpya anasema ni imara, muulize kwanza ameshindanisha na misombo gani, halafu muulize mtikisiko wa haidrojeni ameuhesabu au ameuruka.