Krediti Huhama, GPA Hubaki

Kila msimu wa udahili katika vyuo vya Marekani sentensi ni ile ile: "Nina GPA ya 3.9 kutoka chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili), kwa hiyo naanza chuo kikuu na 3.9." Huanzi na 3.9. Unaanza na krediti zako, yaani uzito wa kozi ulizomaliza, na sehemu ya GPA, yaani wastani wa gredi, iko tupu mpaka semesta ya kwanza iishe.

Ofisi ya msajili huipokea transkripti yako na kuikagua kozi moja moja. Kozi iliyokubaliwa, ambayo kwa kawaida lazima iwe na C au zaidi, huandikwa kwenye rekodi mpya kwa herufi kama T au TR. Inahesabika kwenye krediti 120 za shahada na inaweza kukufungulia kozi ya juu yake, ila haibebi pointi. GPA ni jumla ya pointi (A 4.0, B 3.0, B- 2.7, C 2.0, mara krediti za kozi) kugawanya kwa krediti zilizopewa gredi na chuo hicho hicho. T haimo katika pointi, wala haimo katika kigawanyo.

Chukua mwanafunzi aliyehama na krediti 60 zenye wastani wa 3.9. Semesta ya kwanza anajaza krediti 15: kemia ogania krediti 4, anapata C, fizikia krediti 4, B-, takwimu krediti 4, B, uandishi krediti 3, A. Pointi ni 8 + 10.8 + 12 + 12, yaani 42.8. Gawanya kwa 15: 2.85. Anadhani kuna kosa, kwa sababu akijumlisha na zile 60 za zamani anapata 3.69. Kosa hakuna. Ufadhili wake ukidai 3.0, tayari yuko chini ya mstari, na ili afike 3.0 mwisho wa mwaka anahitaji wastani wa karibu 3.15 katika krediti 15 zinazofuata. Zile A zote za miaka miwili haziwezi kumsaidia hapa.

Kwa hiyo ushauri ni huu, na ni wa kushikilia: semesta ya kwanza baada ya kuhama chukua krediti 12 au 13, na somo moja tu la sayansi lenye maabara. Kumi na mbili zinatosha kuwa mwanafunzi wa muda wote, na kwa shahada ya kwanza zinatosha hata kwa mwenye viza ya F-1. Anayejaza 16 ili "awahi kumaliza" anaweka GPA yake yote juu ya semesta moja katika mazingira asiyoyajua. Vipo vyuo vichache, hasa vilivyo ndani ya mfumo mmoja wa jimbo, vinavyohamisha na gredi. Soma katalogi ya mwaka unaoingia, ile sehemu ya sera za gredi. Usichukue jibu la jirani aliyesoma chuo kingine.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo unaumiza zaidi: "Nikihama, GPA mbaya inafutika." Chuo kipya hakiihesabu, ni kweli. Lakini anayeomba kusomea sheria hupeleka kwa LSAC, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vya sheria, transkripti za vyuo vyake vyote vya shahada ya kwanza, na anayeomba udaktari kwa kawaida hupitia AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya udaktari, ambao nao unataka zote. LSAC na AMCAS hupiga hesabu upya. Krediti 60 za 2.1 na krediti 60 za 3.8 zinakuwa 2.95, hata kama transkripti ya mwisho inasema 3.8. Na kuficha chuo kimoja kwenye fomu ni kosa la nidhamu linaloweza kufunga maombi yote.

"Nimepata F, nitairudia kiangazi kwenye chuo cha bei nafuu." Kwetu Tanzania kuna sapu, mtihani wa marudio; Marekani F ikishaingia imeingia, na chuo kinachoruhusu gredi mpya kuchukua nafasi ya ya zamani kwa kawaida hudai urudie kozi kwao. Mwenye krediti 45 na GPA ya 2.6, ndani yake F ya krediti 3, akirudia kwingine na kupata A anabaki 2.6. Akirudia pale pale chini ya sera hiyo anafika 2.87. Tofauti ya ada ndiyo bei ya hizo pointi 12. AMCAS hata hivyo itahesabu majaribio yote mawili.

Mitihani sasa. Alama 5, ya juu kabisa, ya AP (mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari) si A, na 50 ya CLEP (mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani) si C. Ukifaulu unapewa krediti zisizo na gredi. Usipofaulu, GPA haiguswi. Hatari iko kwenye ngazi unayoruka. Mwenye 5 ya kalkulasi anapelekwa moja kwa moja kalkulasi ya pili, na gredi atakayopata huko inahesabika yote. Kama shahada yako imejengwa juu ya hesabu na msingi una mashimo, uliza kama unaweza kuikataa hiyo krediti na kuanza chini. Kinyume chake, aliyesoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi na ana sharti la lugha ya kigeni hana sababu ya kukaa semesta mbili darasani: CLEP ya Kifaransa ipo, mradi chuo chake kinaipokea. Ya Kiswahili haipo.

Ripoti ya WES, shirika linalotathmini masomo ya nje ya Marekani, nayo huleta mkanganyiko. GPA iliyoandikwa mle, kwa mfano ya miaka miwili ya Makerere au Dodoma, ni ya kusomwa na kamati ya udahili. Haiingii kwenye GPA ya chuo cha Marekani.

Kwa wenye msaada wa fedha wa serikali ya Marekani: krediti zilizohamishwa haziigusi GPA, ila zinahesabiwa katika kikomo cha muda, ambacho ni asilimia 150 ya programu. Shahada ya krediti 120 ina kikomo cha 180 zilizojaribiwa, yaani ulizofaulu na ulizofeli, na ukileta 75 umebakiwa na 105. Ukibadili mkondo wa masomo mara mbili unaweza kuzimaliza.

Mwisho, krediti ya AP au CLEP iliyokwisha kuandikwa kwenye chuo cha kwanza haivuki yenyewe kwenda cha pili. Chuo kipya kwa kawaida kinataka alama kutoka College Board, wenye mitihani hiyo, moja kwa moja, na kina kiwango chake: 3 iliyokubaliwa huku inaweza kukataliwa kule. Agiza alama zitumwe kabla ya kujisajili kozi, maana ukishakaa darasani kwenye kozi ile ile uliyofanyia mtihani, mara nyingi krediti ya mtihani huondolewa na inabaki gredi ya darasani.